Kimeng'enya Kimoja, Bonde la Wami

Kwelea kwelea hawaji Dakawa mmoja mmoja. Mpunga unapoanza kushika maziwa hushuka kwa kundi moja zito, linajikunja na kujikunjua hewani, linatua majarubani, na punje zinaanza kuminywa. Ndege mmoja hafikishi gramu 20, na kwa siku hula gramu 10 hivi za nafaka. Wakikusanyika milioni moja, na kwa ndege huyu milioni si kundi la ajabu, ni tani 10 kwa siku. Wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Dakawa, Morogoro, yenye hekta 2,000, ambayo maji yake huvutwa kwa pampu kutoka mto Wami, wameshalipia umeme, mbegu, mbolea na vibarua vya kupandikiza. Hawawezi kukaa na kutazama. Akina mama na watoto huenda kuamia tangu alfajiri, madebe yanagongwa na makombeo yanavuma mpaka jua lizame. Ndege wakizishinda nguvu za watu, serikali hutuma rubani. Hupita jioni, makundi yakiwa yamerudi kulala kwenye matete na migunga, na kuwanyunyizia sumu iitwayo fenthioni.

Kinachotokea ndani ya mwili wa kwelea usiku ule kinajulikana leo kwa undani wa kustaajabisha, na njia iliyotufikisha kwenye ujuzi huo imepita Afrika mara nyingi. Nimekuwa nikisoma kazi za watu waliotoa maisha yao yote ya utafiti kwa sumu na vipokezi vya ubongo, watu wa Cambridge, Graz, Montevideo, Uppsala na Al Ain. Kila nikiwasoma mawazo yananirudisha kwenye uwanda huu ulio kati ya milima ya Uluguru na milima ya Nguru, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta mezani, mkulima wa Dakawa anakibeba mgongoni.

Mwaka 1905, John Langley wa Cambridge aliuwekea msuli wa kuku nikotini, ile ile iliyomo katika tumbaku inayosindikwa hapa Morogoro. Msuli ukajikaza. Ukajikaza hata pale ambapo neva iendayo kwenye msuli huo ilikuwa imekatwa siku nyingi na kufa. Alipoongeza kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, msuli ukalegea. Langley akatambua kwamba ndani ya msuli wenyewe lazima pawe na kitu kinachopokea, na kwamba sumu hizi mbili zinakigombea. Hakukiona kitu hicho, wala hapakuwa na darubini duniani ambayo ingemwonyesha. Alikijua kwa sababu sumu mbili zilikijua kabla yake. Leo tunakiita kipokezi, na dawa nyingi zilizopo kwenye rafu za maduka yetu hufanya kazi kwa kukishika hiki au kile.

Kisha akaja Otto Loewi, mjini Graz, na mioyo yake miwili ya vyura. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo. Hayo aliyachapisha mwaka 1921. Neva, kumbe, huzungumza kwa kemikali, na kemikali yenyewe ni asetilikolini. Lakini ilikuwa ikitoweka upesi mno, na swali likawa inakwenda wapi. Mwaka 1926 Loewi na mwenzake Navratil walionyesha kwamba kuna kimeng'enya kinachoivunja. Kilichowafungulia mlango ni fizostigmini, sumu inayotoka katika maharage ya Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, ambako mshtakiwa alinyweshwa maji ya maharage hayo ili ijulikane kama ana hatia. Aliyetapika akapona aliachiwa huru. Sijawahi kukutana na kitabu cha shule kinachomwambia mtoto wa Kiafrika kwamba kimeng'enya muhimu kuliko vyote katika mazungumzo ya neva na misuli kilifahamika kwa msaada wa sumu ya kiapo cha Kiafrika. Ningependa kukiona.

Kimeng'enya hicho ni asetilikolinesterasi. Kinakaa kwenye pengo lililo kati ya neva na msuli, pengo jembamba kiasi kwamba mengine kama hayo 20,000 yakipangwa safu moja hayapiti milimita moja. Kimo pia ndani ya ubongo, palipo na seli zinazotumia asetilikolini kwa kumbukumbu, umakini na usingizi. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Asetilikolini ni kama maji ya jaruba: yakiingia lazima yapate pa kutokea, la sivyo mche unaoza. Amri ikishafika na msuli ukishatii, amri lazima ifutwe ili nyingine iweze kusikika. Kidole kinachochomeka mche wa mpunga kwenye tope, kikanyooka, kikachukua mwingine, kinafutiwa amri zake bila mwenyewe kujua.

Sasa njoo kwenye sumu zetu wenyewe. Mmojawapo wa miti yetu, msunguti, ulitoa sumu ya mishale ya Wakamba na majirani zao, na ndani yake mna ouabaini, ambayo wanasayansi waliitumia kuielewa pampu ya sodiamu iliyopo katika kila seli ya mwili. Jens Skou wa Denmark alipata tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa ugunduzi wa pampu hiyo. Hilo nalipita haraka, maana lina hadithi yake ndefu. Ninayetaka kukaa naye ni koboko wa kijani.

Anaishi katika misitu na mashamba ya pwani ya Afrika Mashariki, kwenye miembe na mikorosho, hata Unguja. Wanasayansi humwita Dendroaspis angusticeps. Ni nyoka wa mtini, mwenye haya, asiyetafuta ugomvi na mtu. Sumu yake ni mchanganyiko wa protini ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Dendrotoksini huziba njia za potasiamu kwenye neva, ndipo neva humwaga asetilikolini kupita kiasi. Fasikulini, protini yenye amino asidi 61 tu, hukishika kile kimeng'enya cha kuivunja. Moja inafungulia maji, ya pili inaziba mahali pa kutokea. Watafiti wa Montevideo, Uruguay, ndio walioieleza fasikulini mwaka 1983, na jina hilo waliipa kutokana na mitetemo ya misuli waliyoiona kwa panya wao. Nyoka wa mikorosho yetu alikuwa ameshafika Uruguay akiwa unga ndani ya kichupa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1988, lilitoka andiko fupi kuhusu protini nyingine za koboko huyo huyo. Waandishi walikuwa watano: Abdu Adem, Åsblom, Johansson, Mbugua na Karlsson. Nikiisoma orodha hiyo jicho hukwama kwenye jina la nne, jina la Kikikuyu katikati ya majina ya Kiswidi. Evert Karlsson wa Uppsala alikuwa bingwa wa kutenganisha sumu za nyoka, na Adem alikuwa mtu wa vipokezi vya ubongo. Walichokionyesha ni kwamba baadhi ya protini za koboko hushika vipokezi vya asetilikolini vya aina ya muskarini. Mpaka wakati huo haikujulikana protini yoyote ya nyoka inayofanya hivyo.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukikumbuka hali ya sayansi miaka ile. Ilikuwa ndiyo kwanza inafahamika kwamba vipokezi vya muskarini viko vya aina tano, M1 hadi M5. M2 ndiyo inayotawala moyoni. M1 imejaa kwenye gamba la ubongo na kwenye hipokampasi, mahali pa kuhifadhia kumbukumbu mpya. Dawa zilizokuwepo hazikuweza kuvitenganisha vizuri. Atropini, kwa mfano, huvizuia vyote vitano kwa pamoja: inakausha mate, inapanua mboni, inakimbiza moyo na kumchanganya mtu akili kwa mkupuo mmoja. Katika sumu ya koboko zilipatikana protini zinazochagua. Ile iitwayo MT7 inashika M1, na vingine karibu haivigusi kabisa. MT3 inapendelea M4. Wakemia walikuwa wakihangaika maabarani kutengeneza kitu chenye uchaguzi wa namna hiyo, na kumbe nyoka anacho, amekirithi.

Huko Argentina, Diana Jerusalinsky na wenzake walizitia protini hizo kwenye hipokampasi za panya. MT2, inayoiamsha M1, iliwafanya panya wakumbuke vizuri zaidi walichofundishwa. MT3, inayoizuia M4, iliwasahaulisha. Kila nikifika hapa nasimama. Tone la sumu ya nyoka yule yule ambaye watu wa pwani humkimbia limebeba ndani yake kukumbuka na kusahau. Ni jambo zito, na halipaswi kusomwa kwa haraka.

Abdu Adem aliendelea na kazi hiyo katika taasisi ya Karolinska, Stockholm, alipochunguza pia vipokezi vya nikotini kwa wagonjwa wa Alzheimer, kisha akawa profesa wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu, Al Ain. Maisha ya utafiti ya namna hii hayana kelele. Ni miaka ya kupitisha sumu kwenye mirija ya kuchuja, kupima kipande kimoja baada ya kingine, kuuliza swali lile lile la Langley kwa vifaa vipya: nani anashika nini, kwa nguvu kiasi gani? Na majibu huzaa matunda mbali na mahali yalipopandwa. Septemba 2024, Marekani iliidhinisha dawa mpya ya skizofrenia inayolenga M1 na M4. Haikutengenezwa kwa sumu ya koboko, lakini imejengwa juu ya ujuzi kwamba vipokezi hivi vinaweza kutenganishwa, na katika ujuzi huo koboko alikuwa mmoja wa walimu.

Hadi hapo unaweza kuisoma kama hadithi ya fahari, na mimi naisoma hivyo bila haya. Lakini fasikulini inanirudisha Dakawa.

Mwaka 1991 Joel Sussman, Israel Silman na wenzao walipata picha ya umbo la asetilikolinesterasi, atomu kwa atomu, kutoka kwa samaki atoaye umeme. Walikuta kwamba mahali ambapo asetilikolini huvunjwa pako chini kabisa ya korongo jembamba, refu, lililozama ndani ya protini. Mwaka 1995 Yves Bourne, Palmer Taylor na Pascale Marchot, kwa ushirikiano wa San Diego na Marseille, walionyesha picha ya fasikulini ya koboko wa kijani ikiwa imekaa kwenye mdomo wa korongo hilo, imeuziba kwa ukamilifu. Koboko hahitaji kushuka chini. Anaziba juu, basi.

Fenthioni nayo inalenga korongo lile lile. Ni ya jamii ya oganofosfeti, ambayo ukoo wake unaanzia kwa Gerhard Schrader, mkemia wa Ujerumani aliyekuwa akitafuta dawa ya wadudu mwaka 1936 na kujikuta ametengeneza tabuni, mojawapo ya silaha za sumu zinazoogopwa zaidi duniani. Fenthioni yenyewe, ikiingia mwilini, ni dhaifu. Mwili ndio unaoikomaza: ini linaigeuza kuwa kitu kikali zaidi, na kitu hicho huteremka mpaka chini ya korongo na kujibandika pale pale kazi inapofanyika. Kikikaa muda mrefu, kifungo hukomaa na kimeng'enya hakifunguki tena. Mwili hulazimika kutengeneza kingine. Na kwa kuwa fenthioni hupenda mafuta, hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Ndege hufa haraka kuliko sisi kwa sababu damu yao ina kiasi kidogo sana cha vimeng'enya vinavyoweza kuidhoofisha sumu hii njiani. Kwelea hulala kwenye tete, asetilikolini inafurika, misuli inatetemeka, kisha inachoka, kifua kinakoma. Pamoja naye hufa wasioombewa kifo: bundi, mwewe, tai na ndege aina ya korongo waliokuja kula mizoga. Na katika nchi nyingi za Afrika imeonekana watu wakiokota kwelea waliokufa kwa dawa, kwa kuwa nyama ni nyama na nyumbani kuna watoto. Mimi siwezi kumlaumu mtu huyo. Namlaumu yeyote anayejua kuhusu lile korongo la kimeng'enya na hakumwambia.

Simsemi rubani vibaya. Tani 10 kwa siku ni chakula, ni ada ya shule, ni deni la pembejeo. Lakini sumu ya Dakawa haishuki kutoka angani tu. Iliyo nyingi iko kwenye bomba la mgongoni. Mtu anapiga dawa ya wadudu akitembea ndani ya jaruba, maji yakimfika magotini, miguu mitupu, kifuniko cha bomba kikivuja kinamlowesha mgongo. Oganofosfeti hupita kwenye ngozi. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, jasho, mate kujaa, kichefuchefu, macho kuona ukungu kwa sababu mboni zimebana, tumbo kusokota, ulegevu. Mtu akizipata jioni, katika bonde la mbu kama hili, malaria ndiyo inayotajwa kwanza. Atameza dawa ya malaria, atalala, kesho atabeba bomba tena.

Wapo waliofuatilia jambo hili mpaka mwisho. Mwaka 1987, Nimal Senanayake na Lakshman Karalliedde walieleza wagonjwa 10 wa Sri Lanka, nchi ya mpunga kama bonde hili, waliokuwa wamepata sumu ya oganofosfeti, fenthioni ikiwa miongoni mwake. Wagonjwa hao walitibiwa, wakaonekana wanapata nafuu; kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne wakaanza kulegea shingo, mabega na misuli ya kupumua. Madaktari walikuwa wanajua dalili za mwanzo, na walikuwa wanajua ganzi ya miguu inayokuja wiki kadhaa baadaye. Hii ya katikati haikuwa na jina. Kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini maana yake ni moja: mgonjwa wa sumu aliyekaa kitandani na kusema amepona asiruhusiwe kwenda nyumbani siku hiyo.

Kwetu yuko Aiwerasia Ngowi, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa Arusha na baadaye Muhimbili. Namweka katika ukoo ule ule wa Langley na Adem, ingawa hakukaa na mirija ya kuchuja. Alikichukua kile kimeng'enya kutoka kwenye kitabu na kukifuata kwenye damu ya wakulima wa kahawa. Katika andiko la mwaka 2001, yeye na wenzake walilinganisha asetilikolinesterasi ya wakulima wadogo katika msimu wa kupiga dawa na msimu usio wa dawa, na tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo. Naliheshimu sana andiko hilo kwa sababu halikupiga chumvi. Mtafiti aliyekwenda shambani akihofia baya alirudi na namba zilizosema kwamba hapa, kwa matumizi haya, hali si mbaya kiasi hicho, akaiandika hivyo. Tafiti nyingine za Ngowi, na zile alizofanya na Elikana Lekei na Leslie London, ziliwakuta wakulima wa mboga na wa maeneo mengine ya kaskazini wakichanganya dawa kadhaa kwa pamoja, wakizihifadhi nyumbani, wakipuliza bila kinga, na walio wengi wakisimulia kwamba walishawahi kudhurika. Kahawa ni kahawa na nyanya ni nyanya. Mpunga nao unahitaji namba zake.

Kinachonisumbua zaidi si ile sumu ya kumlaza mtu, ni ile ndogo isiyomlaza. Ubongo wa mtoto hutumia asetilikolini kujijenga, si kwa kuwasiliana tu. Uchunguzi wa miaka mingi katika jiji la New York na katika bonde la Salinas, California, umewafuatilia watoto ambao mama zao walikutana na oganofosfeti wakati wa ujauzito, na umeonyesha uhusiano na kupungua kwa alama za akili na umakini. Hiyo ni moja ya sababu zilizofanya klopirifosi, mojawapo ya dawa hizo, iwekwe mwaka 2025 kwenye Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani hatua kwa hatua. Mwaka huo huo, fenthioni iliyokolea, ya kunyunyizia kwa ujazo mdogo sana, iliingizwa kwenye Mkataba wa Rotterdam, baada ya Chad kuliomba jambo hilo zaidi ya miaka kumi kabla. Rotterdam haipigi marufuku. Inadai nchi inayonunua ijulishwe inanunua nini, na iseme yenyewe kama inakubali.

Zipo njia nyingine za kupambana na kwelea, na watu wetu wanazijua. Watu wa wilaya ya Kondoa huwatega kwa ajili ya kitoweo, na ndege aliyetegwa kwa wavu ni chakula kisicho na korongo lililozibwa ndani yake. Ningefurahi kuona nyavu hizo Wami kabla ya injini ya rubani. Hata hivyo najua wavu hauwezi kila kundi, na bomba la mgongoni halitaondoka Dakawa mwaka huu wala ujao. Kwa hiyo nauliza lililo karibu zaidi: kipimo.

Mwaka 1961 George Ellman alitoa njia ya kupima kimeng'enya hiki ambayo bado inatumika dunia nzima. Unachukua tone la damu, unaliwekea chakula cha kimeng'enya na kemikali moja ya rangi. Kimeng'enya kikifanya kazi, maji yanageuka manjano. Kikiwa kimezibwa, manjano hukawia. Si kipimo cha hospitali kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biokemia anaweza kukifanya.

Na wanafunzi hao wako karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro mjini, mwendo wa basi usiofika saa mbili. Kinabeba jina la Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari hapa hapa Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, miezi michache kabla chuo hicho hakijaanza. Kina madaktari wa mifugo, wakemia na taasisi nzima inayochunguza visumbufu vya mazao. Upande wa Mazimbu, majengo waliyoacha wakimbizi wa Afrika Kusini ni kampasi yake ya sayansi, na Dakawa yenyewe ilikuwa kituo chao tangu 1982.

Ugumu wa kipimo hiki uko mahali pamoja tu. Watu hawalingani: kiwango cha kawaida cha mtu mmoja kinaweza kuwa kiwango cha hatari cha mwingine. Damu iliyochukuliwa baada ya mtu kuugua, bila nyingine ya kuilinganisha nayo, haisemi mengi. Huko California, ambako wafanyakazi wa kuchanganya na kupiga dawa wamekuwa wakipimwa tangu 1974, sheria inataka damu ya kwanza ichukuliwe kabla ya msimu. Kimeng'enya kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha mtu mwenyewe, mwajiri lazima achunguze jinsi kazi inavyofanyika. Kile cha chembe nyekundu kikifika asilimia 70, mtu anatolewa kwenye kazi ya dawa mpaka kitakapopanda tena.

Kwa Dakawa damu ya kwanza ingechukuliwa wakati vitalu vya miche vikiwa bado kijani na mabomba yakiwa bado makavu: ya wapiga dawa, ya akina mama wanaopandikiza kwa kibarua, na ya watoto wanaokwenda kuamia, wazazi wao wakiridhia. Ya pili ingechukuliwa mpunga unaposhika maziwa. Majibu yangesomwa kijijini, kila mtu akipewa namba yake mkononi, kabla hayajasomwa kwenye mkutano wowote wa wataalamu.